Mguu Wako na Ukanda Wangu

Kwako Monika, mjukuu wangu niliyekulea.

Salamu naziruka. Uji tumekunywa pamoja asubuhi hii, nimekuona mzima, na wewe umenisikia na kikohozi changu kile kile, basi yatosha. Umekwenda kuwaaga shangazi zako ng'ambo ya korongo, na najua hutarudi mapema maana kila nyumba watakukalisha wakupe maziwa. Mimi nimekaa mlangoni penye mwanga, daftari la kisomo liko juu ya kinu nilichokipindua, naandika. Usicheke mwandiko. Mwalimu wetu wa kisomo anasema herufi zangu zimesimama kama watu waliogombana. Nimemwambia aziache hivyo hivyo, ni zangu.

Mambo ya sanduku, ya kutosahau vitu kwenye basi, ya kuamkia wakubwa wa huko, siandiki. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukawa unaitikia kabla sijamaliza. Nina jambo moja tu, na ni la mguu wako.

Huko chuoni unakwenda kufundishwa uganga wa zahanati. Siku moja mwalimu atafika kwenye somo la mtu aliyeumwa na nyoka. Atasema habari za kufunga kamba, na wewe utakuwa umekaa kwenye benchi, mguu wako wa mti umeunyoosha mbele kama unavyofanya. Utaelewa palepale, katikati ya watu usiowajua hata majina. Sitaki uelewe namna hiyo. Nataka ulisikie kwangu, kwa sababu aliyelifanya ni mimi.

Mguu wako haukuchukuliwa na nyoka, Monika. Niliuchukua mimi.

Sasa tulia, soma polepole. Usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka mistari ya shamba ukipalilia.

Ulikuwa na miaka sita. Mama yako tulikuwa tumeshamzika. Uhuru ulikuwa bado mchanga, khanga niliyonunua kwa ajili ya sherehe zake ilikuwa haijapauka. Hatukuwa tumehamia hapa kijijini kwenye nyumba za mistari. Tulikaa kule kwetu kwa zamani, kila mtu na tembe lake, na jirani wa karibu ukimwita anadhani ni mbuzi analia.

Asubuhi ile nilikuwa nakaza mpini wa shoka uliopasuka. Nilikuwa nimeloweka ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, kama tunavyofanya siku zote. Unaufunga ukiwa umelowa na laini kama utumbo, unauacha juani, na unapokauka unajikaza wenyewe kuliko mkono wa mwanamume yeyote. Kazi hiyo nimeijua tangu sina titi. Kigoda unachokalia hapa ndani kimefungwa hivyo, na kitatuzika sote.

Nikakusikia umelia kwenye lundo la mabua ya mtama. Nyoka sikumwona. Niliona matundu mawili juu ya kisigino, madogo, kama sindano. Mkononi nilikuwa na ukanda ule ule unadondoka maji. Sikufikiri. Nilikufunga chini ya goti mizunguko minne, fundo la mwisho nikalivuta kwa meno.

Mzee wa dawa za nyoka aliletwa. Akakuchanja, akapaka dawa yake, akasema ukanda usifunguliwe mpaka sumu ife. Simsemi vibaya, ni marehemu, na alikuja akikimbia na umri wake ule. Yeye hakujua ukanda ule ni wa ngozi mbichi. Mimi nilijua. Tukakulaza nje penye kivuli, kivuli kikahama, mguu ukabaki juani, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo nakupepea inzi.

Uliniambia, "Bibi, fungua. Nyoka haumi tena. Kamba ndiyo inauma."

Nikakujibu, "Nyamaza. Wewe unajua nini?"

Ulisema hivyo mara nyingi, sikuhesabu. Halafu ukaacha kusema, na mimi nikafurahi nikadhani unapona.

Siku ya pili wanaume wanne walikubeba juu ya kitanda mpaka barabarani, tukapata lori la magunia ya karanga, tukafika hospitali ya misheni jua limepinda. Ukanda walishindwa kuufungua. Waliukata kwa mkasi, tena kwa shida, ulikuwa umezama. Daktari alikuwa Mzungu, alisema maneno mengi, na muuguzi mmoja, binti wa kwetu, akaniambia kwa Kinyaturu polepole, akiwa amenishika kiwiko. Alisema, mama, tazama, juu ya ukanda mguu ni mzima, chini ya ukanda umekufa. Sumu ya nyoka haichori mstari ulionyooka namna hii.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, ningempata wa kumchukia.

Nyumbani watu waliuliza, nikasema nyoka. Nyoka hana wa kumtetea. Nilisema nyoka mwaka huo na mwaka uliofuata, mpaka nikaanza kumwona, na rangi yake nikawa naitaja. Kuna siku nilisema alikuwa na urefu wa mkuki. Wewe ulikuwa umekaa pembeni unasikiliza, macho makubwa, na ukaniuliza ikiwa bado yuko kwenye mabua. Nikakuambia nimemuua. Nyoka ambaye sikumwona.

Sijui unakumbuka nini. Hujawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kuthubutu kukuuliza kama unakumbuka.

Uliporudi kutoka hospitali ulikuwa unalia kwamba vidole vinawasha, vidole vya mguu usiokuwepo. Mara ya kwanza nilikukemea, kisha nikaogopa, nikawaza mambo ya uchawi. Mchana mmoja ulilia mpaka sauti ikakatika. Nikakaa mwisho wa kitanda, nikakuna ngozi ya kitanda pale ambapo vidole vingekuwa. Nilijiona mjinga. Ukasema, "Hapo, Bibi, sogea kidogo," ukalala. Basi nikawa nakuna kitanda kila mchana mpaka mvua zilipoanza. Hilo nalikumbuka kwa sababu ndilo pekee mwaka ule nililolifanya kwa kukusikiliza.

Ukatembea kwa fimbo yenye panda miaka mitatu. Kisha tukasikia kuna hospitali kubwa wanatengeneza miguu ya bandia, padri akatuandikia barua, tukaenda. Unakumbuka fundi yule alivyokupima kwa uzi kama anakushonea gauni. Tulipoletewa mguu wenyewe, mti mzuri uliolainishwa, na kikombe cha ngozi cha kuingizia kigutu, na mikanda miwili ya kufunga juu ya goti, mimi nililia, wewe ukacheka kwa sababu ulikuwa na unyayo usio na vidole.

Jumapili ya kwanza nilikuvalisha soksi nyeupe mbili na viatu viwili, nikakutembeza kanisani katikati kabisa, siyo pembeni. Wanawake walipiga vigelegele. Nilijisikia kama nimekuzaa mwenyewe. Sasa nikuambie fahari ile ilikuwa ya nini, maana nimekaa nayo na kuitazama. Mtoto akisimama kwa miguu miwili hakuna anayeuliza mmoja ulikwenda wapi. Wewe ulipewa mguu wa kutembelea. Mimi nilipata mahali pa kujificha.

Ndiyo maana nikaufanya wa Jumapili na wa wageni. Shuleni ulikwenda na fimbo, vumbini, kilomita zile zote, na mguu mzima wa mti umekaa nyumbani umeviringishwa khanga. Tena nikauhifadhi kwa akili zangu. Nilijua mchwa wa kwetu hawamwachi mtu na mti wake, na mbegu ya uwele inaning'inia juu ya jiko mwaka mzima haiguswi na mdudu kwa sababu ya moshi. Nikaning'iniza na mguu hapo hapo, kati ya mashuke ya mbegu. Kila Jumapili naushusha, naupangusa masizi, nakuvalisha.

Miezi haikupita mingi ukaanza kuukataa. Ulisema unabana. Nikatazama, nikaona kidonda, nikakipaka samli, nikasema ni cha kuzoea. Ulisema tena unauma. Unajua nilivyokujibu, maana majirani wote walisikia. Nilisema wewe ni mvivu, wenzako hawana hata wa mti na wewe unaringa. Siku moja ulijificha kwenye zizi la ndama usiende kanisani, nikakutoa kwa sikio.

Nikakupeleka mnadani Mtinko kwa Mzee Jumanne, yule fundi viatu aliyekuwa anakaa karibu na wauza chumvi. Sikukupeleka kwa ajili ya kidonda, usinipe sifa. Kifungo kimoja kilikuwa kimekatika. Akaushika mguu, akaunusa.

"Mama, hii ni nini umebanika?"

Nikamwambia nimeuhifadhi na mchwa.

"Umehifadhi nyama," akasema. "Ngozi hii ilikuwa nene na laini. Sasa imekauka imerudi ndani. Hata mguu wa mbwa hauingii hapa."

Watu waliokuwa wanasubiri viatu vyao wakacheka, na mimi unanijua nikichekwa. Nilikuwa natafuta neno la kumrudishia, lakini alikuwa ameshageukia upande wako. Akakuuliza, "Binti, panauma wapi?"

Nikajibu mimi. Nilisema unasema kila mahali, ni deko tu.

Mzee Jumanne akaweka sindano yake chini. "Bibi, mguu huu ni wako?"

Nikasema si wangu.

"Basi ngoja mwenyewe ajibu."

Ukanyoosha kidole kimoja, ukagusa mahali pamoja, ukasema hapa, kisha hapa kidogo, na hapa ni nikipanda mlima tu. Ulijua yote. Ulikuwa unayajua miezi yote ile, umeyapanga kichwani, hakuna aliyekuuliza. Nilisimama pale kati ya viatu vibovu, na nikaisikia ile sauti yako ya miaka sita, kamba ndiyo inauma. Ngozi ikikauka hubana, jambo ambalo hata mtoto wa kwetu anayechunga ndama analijua, na mimi kwa mikono yangu nimekubania mguu mara mbili, kwanza ule wa nyama, kisha na ule wa mti.

Aibu kwangu hutoka kama ukali, nadhani umeshaligundua. Nilikugombeza njia nzima ya kurudi kwa sababu ya kumwaga maji ya kibuyu, na kibuyu nilikishika mimi.

Mzee Jumanne aliilowesha ile ngozi, akaishindilia magunzi ya mahindi ipanuke, akaikata dirisha dogo pale ulipoonyesha, akashonea manyoya ya kondoo kwa ndani. Tulirudi kwake minada mitatu. Kila mara alikuuliza wewe. Baada ya hapo sikuuning'iniza tena. Uliuweka mwenyewe unapotaka, na ukaanza kuuvaa siku za kazi.

Hapo ndipo nilipoona vituko. Nilidhani mguu wa bandia kazi yake ni kuziba pengo, kama kiraka, na kiraka kizuri ni kile kisichoonekana. Wewe ukaupeleka kila mahali. Ulikuwa unauvaa kwenda kuchota maji, unauvua kupalilia kwa sababu uliona unapalilia haraka zaidi ukiwa umekaa juu ya ngozi unajisogeza. Wageni wakija, wakati ule ambao mimi nataka uuvae, unauvua na kuuegemeza ukutani kwa kuwa umechoka. Nilikuwa natamani kuufunika hata kwa ungo.

Na siku ya ndege unaikumbuka. Uwele ulikuwa umekomaa, ndege wameshuka kama mawingu, nikakusikia unapiga debe kule shambani kwa mlio ambao haukuwa wa fimbo. Nilikuja mbio. Nikakukuta juu ya dungu umeuvua mguu, umeushika pale kwenye kifundo, unalitwanga debe nao kwa nguvu zako zote, na ndege wanainuka shamba zima. Nilikutukana mpaka nikakosa pumzi. Nilisema fundi alikaa siku ngapi akiuchonga, padri aliandika barua, na wewe unaufanya mchi.

Ukanitazama kutoka juu, ukasema, "Bibi, kwani si mguu wangu?"

Nikakaa chini palepale kwenye majani. Ulidhani nimechoka. Siku ile ndiyo niliyoelewa mguu ule ni kitu gani. Ni chombo chako kama jembe. Jembe unalishika ukiwa na kazi nalo, ukimaliza unaliegemeza, na hakuna amwonaye mtu amepungukiwa kwa kuwa hana jembe mkononi. Wewe ulikuwa mzima ukiwa nao, na ulikuwa mzima ulipouvua. Aliyekuwa anauhitaji kila saa ni mimi.

Huo ulikuwa wa kwanza. Huu unaoondoka nao kesho ni wa tatu, maana ulikua haraka kama mbaazi. Wa pili na wa tatu sikuigusa, umeona. Hata kuupangusa vumbi nilikuwa nakuomba ruhusa, na wewe ulidhani nakukejeli.

Kwenye mkutano wa kijiji, siku ya kumchagua kijana wa kwenda kusomea uganga, nilikuwa nimekaa na wanawake. Ulimwona Mzee Mkumbo aliposimama, akauliza mtu wa mguu wa bandia atamfikiaje mgonjwa wa mbali wakati wa mvua. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane. Ukanitangulia. Ulimwamkia kwanza, ukasema, "Babu, fahali wako alipoingia kwenye uwele wetu mwaka jana, nani alimfukuza mpaka zizini kwako? Wewe ulitukuta huko, tena ulikuwa umepanda baiskeli." Mkutano mzima ulicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akainua mkono wa kwanza. Nilisikia raha hata tumbo likauma. Halafu nikakumbuka unakwenda kusomea nini, na raha ikaisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jinsi ya kukuambia. Nimekugombeza kwa kila kitu mwezi huu, chumvi, kuni, kufunga mlango. Ilikuwa ni hili.

Sikufundishi uganga, hiyo wataifanya wenyewe. Lakini najua kitu kimoja ambacho huenda kwenye vitabu vyao hakimo. Siku moja utaletewa mtoto juu ya kitanda, na nyuma yake atakuja mwanamke anayesema maneno mengi, mkali, anayejibu kila swali unalomuuliza mtoto. Atakuwa amefunga kitu, au amepaka kitu, au amechelewa. Usimwone adui. Anatetemeka huyo. Mwambie akae, umpe maji. Kisha muulize mtoto panauma wapi, na umwache mtoto amalize. Na ukweli wa yule mwanamke umwambie kwa lugha ya kwao, polepole, umshike kiwiko, lakini umwambie. Mimi nilimwona yule muuguzi mara moja tu na sikumshukuru. Ukiwa mtu wa namna yake nitakuwa nimemshukuru.

Msamaha sijui namna ya kuuomba. Katika kisomo tumefundishwa kuandika barua ya kuomba mbolea na ya kuomba kazi, hii hawakutufundisha. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikupenda wakati ule navuta fundo kwa meno, na nilikupenda nilipokuambia unyamaze, na kupenda kule hakukuzuia ngozi kukauka. Nimekaa na neno hilo miaka yote hii. Sitafuti barua hii iniondolee. Nataka tu ubebe ukweli wenyewe, siyo ubebe nyoka wa uongo.

Nilikuwa nimepanga kuikunja niitie chini ya nguo zako sandukuni, uisome ukiwa umeshafika, mimi niko huku salama. Nimekaa hapa nikaona huo ni woga, na woga mimi siuwezi hata nikiuvaa. Kwa hiyo utaisoma leo, jua likiwa bado lipo, mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Ukimaliza, sema lolote. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kwa hiari yako. Sitajitetea na sitakugombeza, hata ukivunja kibuyu.

Na kama baada ya kuisoma hutaki kulala ndani ya nyumba hii, nenda kwa shangazi yako, sitakuuliza. Sanduku nitalileta mwenyewe asubuhi, kichwani, mpaka basi linaposimama. Utalipokea mkononi mwangu, au utamwambia utingo alipokee. Vyovyote utakavyoamua, mimi nitakuwa nimesimama pale mpaka vumbi la basi litulie.

Bibi yako.